Nyumba za Krismasi

Mimi ni mtu wa ndani. Tangu nimalize kidato cha nne, safari yangu ndefu ni kutoka kitandani kwenda jikoni kuota moto, na majirani husema nikionekana sokoni basi mvua iko njiani. Ndiyo maana siku niliyotokea kwenye mkutano wa mtaa walinipisha kwenye benchi kama mgonjwa.

Nilikwenda kwa ajili ya mama wa chapati. Huyu mama alizaliwa Mponde, kwa wachuma chai waliotoka mbali, na alikuwa amepanga chumba cha uani karibu na soko. Mwenye nyumba alimwambia ahame kabla ya mwisho wa mwezi, banda linavunjwa, anataka kupanua uwanja. Akazunguka mji mzima, chumba hakuna.

Na kweli Lushoto imejaa. Juu msitu, chini mto, sisi katikati tumebanana. Isipokuwa zile nyumba za Krismasi. Kwetu kijana akipata kazi Dar lazima ajenge nyumbani, asiyejenga anasemwa mpaka misibani. Basi anajenga vyumba vitano, anaweka geti, anafunga, anaondoka. Desemba anakuja kuchinja mbuzi na kulalamikia baridi, kisha anafunga tena. Mteremko mzima una madirisha ya vioo yasiyochunguliwa na mtu.

Afisa mipango miji alikuja na mchoro. Kiwanja cha halmashauri nyuma ya soko kijengwe ghorofa mbili: chumba kimoja kwa aliye peke yake, viwili au vitatu kwa wenye familia, kodi ya mtu wa kawaida. Nilidhani tutapiga makofi.

Akasimama mzee wa kanisa, yule yule aliyetufundisha kipaimara na kututoa machozi kwa habari za mtoto aliyezaliwa zizini kwa kukosa nafasi nyumba ya wageni. Akasema vyumba vya bei nafuu vitaharibu mtaa, watakuja watu mchanganyiko kutoka kwenye mashamba ya chai, hatujui hata wanasali wapi. Alikuwa anafuta mafuta ya chapati vidoleni. Aliyempikia alikuwa ameketi benchi la nyuma, anamsikiliza.

Nikasimama, nikawaamkia wazee shikamoo, nikasema tuna nyumba nyingi zinazolaza hewa. Jirani yangu, mama mwenye ulimi, hakuniacha nikae.

"Na kile chumba cha mdogo wako wa Dar, chenye kufuli hapo kwako, analala nani? Malaika?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akalala juu ya meza. Nikakaa. Mikono ikanyooshwa, mchoro ukakataliwa, na kiwanja kikapangwa kiwe maegesho ya magari ya wageni wa Krismasi. Hapo makofi yakapigwa.

Jioni ile nilichukua shoka nikavunja kufuli. Harufu ilinirudisha nyuma. Ukungu umepanda ukutani kama manyoya, makochi yamefungwa nailoni, na ndani ya nailoni panya wamezaliana, wamekojoa, wamekufa. Hiyo ndiyo heshima ya ukoo niliyokuwa naipitia kila siku nikienda kuota moto.

Nilimwita mama wa chapati aone. Akaziba pua kwa khanga, akachungulia ndani ya nailoni.

"Kaka," akasema, "panya wako wamepanga pazuri kuliko mimi."

Tulisugua kwa majivu na sabuni hadi mikono ikachubuka, makochi tukayachoma nyuma ya migomba. Akahamia kabla banda halijavunjwa.

Habari hufika Dar upesi kuliko basi. Mdogo wangu akapiga simu, salamu hakumaliza, akauliza Krismasi atalala wapi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mji umemfikiria. Aje tu na gari lake, nyuma ya soko kuna nafasi tele.