Injini ya Mtani

Fundi wangu wa Mfaranyaki ni Mhehe na mimi ni Mngoni, kwa hiyo ni watani, na kwa miaka yote hatukuwahi kusalimiana kama watu wengine. Ni rika langu. Nikiingia gereji ananiuliza kama bado nakimbia, kwa sababu babu zake waliwafukuza babu zangu vitani. Namjibu kwamba waliokimbia ni wao, tena bila kuangalia njia, ndiyo maana yeye akaangukia Songea. Gari linatengenezwa huku tunatukanana, na hakuna anayekasirika.

Kwa hiyo siku aliyofunga boneti bila kunitania, nilishtuka. Gari lilikuwa linachemsha kila nikipanda kwenda nyumbani Matogoro, na maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Nilitegemea aseme tubadilishe gasketi. Akasema injini imekwisha, hata tukiitengeneza itarudi kuchemsha, bora tutafute nyingine iliyotumika. Alisema kwa upole, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba.

Upole huo ndio ulionitia wasiwasi. Mtu aliyekuzoea kwa matusi akianza kukubembeleza, ana lake jambo. Nikakumbuka kwamba kwenye gereji zetu injini ikishatolewa hubaki kwa fundi, na wenye magari hatuiulizii. Anaweza kuiuza kipande kipande, au kuitengeneza akamfungia mwingine. Huenda yangu ilikuwa nzima kiasi cha kutamaniwa. Roho iliniuma, maana mafundi mjini ni wengi, lakini niliyekuwa namwachia ufunguo na kwenda zangu sokoni alikuwa huyo mmoja.

Nilikubali injini ibadilishwe, ila nikashinda pale gereji siku nzima, nimekodolea macho kila spana. Ya zamani iliposhushwa, nikasema naondoka nayo. Akadhani ni utani, akacheka. Mimi sikucheka. Aliniangalia kidogo, akafuta oili iliyokuwa ikichuruzika, akaita guta na kuipakia mwenyewe.

Sikuipeleka nyumbani. Niliipeleka moja kwa moja kwa fundi mwingine kule Mshangano, nikamwambia aifungue mbele ya macho yangu. Silinda hedi ilikuwa imepinda, na bloku ilikuwa na ufa. Akasema hicho ni chuma chakavu, hakuna wa kukitengeneza. Nikamshuku na yeye, labda wanafahamiana. Nikamulika ule ufa kwa simu, nikapitisha ukucha wangu mwenyewe. Ukaingia.

Niliporudi Mfaranyaki kubadilisha oili, habari zilikuwa zimenitangulia. Nilijua kwa jinsi alivyoendelea kuinamia gari la mtu mwingine wakati naegesha. Basi nikaanza mimi, kwa sauti ya juu, nikamuuliza kama Wahehe wameshapumzika kukimbia. Wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakacheka. Nilitamani anitukane, anitukanie ukoo mzima, nilikuwa tayari kabisa.

Akaweka chini kopo la oili, akafuta mikono taratibu.

"Shikamoo, mama," akasema. "Gari lina tatizo gani?"

Wateja walikuwa wananitazama. Ikabidi niitikie marahaba.