Gitaa la Kulia

Siku yangu ya kwanza karakanani Kitale, Sardar, Kalasinga mwenye karakana, alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akasema, "Binti, umekosea mlango. Cherehani ziko duka la pili."

"Mimi nimekuja kwa mbao."

"Mbao zina nini?"

"Zina sauti."

Akacheka mpaka ndevu zikatikisika. Kisha akaniokotea kipande cha mukumari, ule mti mwepesi wa huku kwetu, na kingine cha mvule, akaniambia nigonge nisikilize. Mukumari uliitika kama mtu aliye chumba cha ndani. Mvule uliitika kama aliye mlangoni. Nilipomwambia hivyo aliacha kucheka, akanipa msasa. Ndivyo nilivyopata kazi, mimi Nasimiyu niliyeishia darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ukungu wa asubuhi Kitale ulikuwa ukiingia mpaka ndani na kukaa nasi kama mteja asiye na haraka.

Tulitengeneza vitanda na mimbari za makanisa, lakini moyo wa Sardar ulikuwa kwa gitaa la besi. Nyinyi vijana mnalijua: nyuzi nne nene, linatembea chini ya wimbo. Watu hawalisikilizi, ila likinyamaza kila mtu hugeuka. Alinifundisha kuchonga shingo, pale mkono unaposhika, na kuzika ndani yake chuma chembamba kinachozuia mbao zisipinde nyuzi zikivuta. Alinifundisha kupigilia ngazi, vile vijiwaya vinavyokata shingo na kutenga sauti. "Shingo si mpini wa jembe, Nasimiyu," alikuwa akisema. "Mtu anaishika akiwa na furaha." Nami nikipiga randa, maranda yakijikunja miguuni, niliona harusi ambazo bado hazijafika, na watu wakicheza ambao sijawahi kukutana nao.

Baadaye alifungua tawi Bungoma akanihamishia huko, chini ya Fundi Mkuu, mtu mwema mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. "Reta tupa! Reta gundi!" Huko nilianza kuchora miili ya magitaa niliyobuni mwenyewe. Nilichora gitaa lenye mabega mawili sawasawa, kwa sababu niliona ni kama mtu aliyeinua mikono kanisani. Fundi Mkuu akalizunguka.

"Gitaa ya watu ina bega moja fupi. Hii yako ni kama imekamatwa na polisi!"

"Inaomba, Fundi."

"Inaomba nini? Msamaha?" Lakini aliniachia.

Siku moja nikiwa nimetumwa mbao, alikuja Mzee Wekesa, mpigaji besi wa harusi zote za upande wa Kibabii. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, na besi yake ya zamani ilikuwa na shingo nene na nyuzi za kubonyeza kwa nguvu. Binti yake Nekesa alikuwa anakaribia kuolewa, na mzee alitaka jambo moja tu duniani: kumpigia akiingia kanisani. Alimwachia Fundi Mkuu sumaku za besi ile, amezifunga kwa leso. Sumaku hizo hukaa chini ya nyuzi, zimezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, na ndizo zinazobeba sauti mpaka kwa spika. Niliporudi nikapewa agizo: shingo nyembamba, nyuzi za chini, sumaku za zamani, na iwe ya kulia.

Nilifanya kazi ile kama naota, na mwili nikauchonga kwa ule mchoro wangu wa mabega sawa. Shingo niliipunguza mpaka ikawa ya kushikwa na mtoto. Tulipoliunganisha gitaa na spika, sauti ikatoka nzee, ya joto, kama mtu anayekukumbuka jina.

Mzee akaja siku chache kabla ya harusi. Akalipokea, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Hii ni ya mkono gani?"

"Wa kulia," Fundi Mkuu akasema. "Si ulisema mwenyewe?"

"Wekesa mwenye shoto, Bungoma nzima inajua! Nilisema ya *kulia*. Ilie! Ilie kama ile ya zamani!"

"Ai, mzee. Ungesema ya machozi, bana," Fundi Mkuu akasema.

Tukacheka wote watatu, kisha nikamwona mzee ameketi kwenye benchi, vidole vyake vimelala magotini kama si vyake. Kicheko kikanikauka. Kuchonga jingine hakukuwa na wakati.

Ndipo nikatazama yale mabega mawili. Nikalipindua gitaa. Lilikuwa sawa huku na huku. "Fundi, ile imekamatwa na polisi itatuokoa." Fundi Mkuu hakungoja niseme zaidi, alishafungua nyuzi. Nilichonga upya kidaraja cha mfupa kinachopanga nyuzi kichwani, tukazifunga kinyume, na Mzee Wekesa akabonyeza bila kukunja uso. Kitu kimoja tu kilibaki vibaya: kitufe cha kuzungusha, cha kupandisha na kushusha sauti, kilichokuwa chini, sasa kilikaa juu, pale mkono unapopita.

Kanisani, mjomba ndiye aliyemshika Nekesa mkono, maana baba alikuwa na kazi. Nekesa alipokaribia, mzee aliinama kidogo kumwona, na mkono wa koti ukakizungusha kile kitufe. Sauti ikashuka, ikashuka, mpaka tukawa tunaisikia kwenye mbao za viti tu. Watu wakadhani ni ufundi. Nekesa akasimama mbele ya baba yake, na gitaa likalia vile mzee alivyotaka.

"Lete nikihamishe hicho kitufe," nilimwambia mzee baadaye.

"Ukikigusa nakushtaki, mama."

Tangu hapo kila mteja nilimuuliza, kulia gani? Karakana ilipokaribia kufungwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, nami najiandaa kuweka randa chini, Nekesa alikuja na gitaa lile. Mzee alikuwa ametangulia mbele ya haki. Yeye hakurithi shoto. "Nigeuzie, mama Nasimiyu," akasema. "Nataka ya kulia."

Mazoea ni mazoea. "Kulia gani?"

Akalipapasa lile bega.

"Zote mbili."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho. Kitufe kilirudi chini chenyewe; mimi sikukigusa, nisije nikashtakiwa.