Kamera Mbili na Uso wa Mama Nelima

Mume wangu anaitwa Wamalwa, jina ambalo kwao Kimilili hupewa mtoto aliyezaliwa msimu wa pombe. Yeye ameokoka na hajawahi kuonja hata busaa, lakini ukimsikiliza akieleza tofauti ya kamera za DSLR na zile za mirrorless utadhani ametoka kilabuni sasa hivi. Anarudia maneno, anashika watu mabega, na hataki kwenda nyumbani.

Kazi yake ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha nyuzi hapa Thika. Picha ni uraibu tu. Jumamosi akiwa na mapumziko utampata kando ya mto Chania akivizia ndege na kamera aliyoazima kanisani, suruali imelowa mpaka magotini. Kamera yake mwenyewe hana, na sababu si umaskini, maana friji tulinunua mwaka juzi bila kusumbuana. Sababu ni kwamba hajaamua.

DSLR, ukitaka kujua, ina kioo ndani yake ambacho huruka kila ukibonyeza, ndiyo maana inalia kla. Ni nzito kama tofali, lakini betri yake inamaliza siku, na lenzi zake kuukuu zimejaa mjini kama mitumba. Mirrorless haina hicho kioo. Ni nyepesi, inakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujapiga, inatafuta jicho la mtu yenyewe, na ukitaka inapiga kimya kabisa. Ila betri inaimeza, na lenzi zake ni za watu waliojaliwa. Haya yote mimi nayajua na sikuomba kuyajua. Nimeyasikia nikipika, nimeyasikia nikishona, na nimeyasikia nikiwa na uchungu wa kumzaa mwanetu Lenny, Wamalwa akimweleza nesi.

Mimi ni Akello, fundi wa cherehani. Nashona sare za shule kwenye kibanda changu hapa Makongeni, na kwa kazi yangu mteja wa aina ya Wamalwa namjua vizuri. Anashika kila kitambaa, anauliza kama kinachuja, anakitazama kwenye jua, halafu anasema wacha niende nifikirie. Mtu wa hivyo huzeeka bila suti.

Ningekuwa nacheka tu, isipokuwa kuna jambo la baba yake. Krismasi moja tulienda Kimilili, na mzee akapiga koti lake la kijivu pasi kwa mikono yake mwenyewe, akalivaa, akatoa kiti nje penye jua na kusema anataka kupigwa picha. Wamalwa akamwambia angoje kidogo. Mwaka unaofuata angekuja na kamera ya maana, wafanye kazi safi. Mzee akavua koti akalirudisha ndani. Mwezi wa nne akafariki.

Picha nyingine haikuwepo. Ikabidi ile ya kitambulisho ikuzwe, ikae juu ya jeneza na kwenye jalada la programu ya mazishi. Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa kucheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini, na alizikwa na uso wa mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe. Watu walikuwa wanampa Wamalwa mkono wa pole, halafu wanamwuliza, si wewe ndiye mpiga picha wa hii familia? Tangu siku hiyo hajawahi kulitaja jambo hilo nyumbani. Anataja lenzi.

Ikapita miaka minne. Mwaka huu mama yake, Mama Nelima, akaja kwetu kutolewa mtoto wa jicho. Miaka yote hiyo alikuwa anaona ukungu tu na anajifanya anaona. Siku walipomfungua bandeji tukamleta nyumbani, akaketi, akaangalia sebule yangu pole pole. Kwanza akasema mapazia ni machafu. Pili akasema nimenona, na kwa sauti yake ilikuwa sifa. Tatu akanyoosha mkono kwenye kabati, akachukua ile programu ya mazishi, akaisogeza kwenye jicho jipya.

“Huyu ni nani?” akauliza.

Nikamwambia ni mzee. Akaangalia tena.

“Huyu si bwana yangu,” akasema. “Huyu ni mwizi.”

Ndipo nilipoelewa kwamba siku ya mazishi hakuiona ile picha. Alikuwa amekaa mbele yake toka asubuhi, akailia, akaigusa, na hakuiona. Nilitaka ardhi ipasuke. Wamalwa alikuwa amesimama mlangoni na viatu mkononi, na mama yake akamwita bila kumtazama. Akamwambia anarudi nyumbani Jumanne. Akamwambia hana mpango wa kufa, lakini yeye hawaamini watoto wake, na hataki kulala kwenye jeneza na sura ya kipande, ile ya kitambulisho. Apigwe picha angali mzima, akicheka, meno yaliyobaki yaonekane.

Wamalwa akasema sawa, mayi, ndivyo wanavyomwita mama kwao, kwa ile sauti ya mtoto anayeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mtu mwingine angetoa simu mfukoni na kumaliza maneno hapo hapo. Mume wangu aliingia kwenye kundi lake la WhatsApp na kuuliza ni kamera gani inafaa zaidi kwa uso wa mama wa miaka sabini na nane mwenye ngozi nyeusi, mchana, chini ya mabati. Mpaka Ijumaa jioni watu wawili walikuwa wamejitoa kwenye kundi, mmoja alikuwa ametukana lenzi ya mwenzake, na hakuna aliyejibu swali. Nikamwambia Jumanne haina admin wa kuiahirisha.

Jumamosi akaenda Ruiru kwa Samir. Samir anauza kamera kuukuu juu ya duka la dawa, na amemvumilia mume wangu miaka mingi kuliko mimi. Namba yake ninayo, kwa sababu kuna wakati nilimpigia nikamsihi amuuzie Wamalwa chochote, hata kamera mbovu, mradi anyamaze. Siku hiyo Samir alisikiliza habari ya mama na jicho, akaweka kamera mbili kwenye mkoba mmoja, akabaki na logbook ya pikipiki yetu kama dhamana, akamwambia, “Beba zote, bro. Jumatatu uniletee moja, na nisisikie story.”

Jumapili baada ya kanisa tukatoa kiti nje, karibu na ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya kijani. Mama Nelima alivaa gauni la kitenge nililomshonea, akakataa kuketi. Akasimama wima, mikono imebana mapajani, kidevu juu, akavuta pumzi akaifungia ndani. Wamalwa akapiga na ile ya kioo. Kla. Papo hapo mama akalegea, akacheka, akauliza kama tayari. Lakini Wamalwa alikuwa ameshainamia skrini ya nyuma kutazama alichopata, na alichopata ni mwanamke anayeandikishwa jeshini. Akarudia mara kumi na mbili. Kila mara kabla ya mlio palikuwa na askari, na baada ya mlio palikuwa na mama yake, na huyo wa pili hakumdaka hata mara moja.

Akachukua ile isiyo na kioo. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Ilikuwa inapiga kimya, na mama alikuwa anangoja isikike. Akashikilia pumzi. Wamalwa akapiga, akapiga, na mama bado anangoja, macho yanatoka, mishipa ya shingo imesimama. Mwishowe akapumua kwa kishindo na kuuliza kwa nini hapigi, kwani imeharibika? Wamalwa akasema ameshapiga zaidi ya hamsini. Mama akasema hajapiga hata moja, yeye si kiziwi, ni macho tu yalikuwa mabaya. Na yule bwana akaanza kumweleza habari ya shata ya elektroniki, ile inayopiga bila mlio.

Mama Nelima akamsikiliza kidogo, halafu akaketi.

“Wacha tu,” akasema. “Mtatumia ya kipande. Si mlishazoea.”

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma. Wamalwa akakaa kwenye ngazi na kamera zote mbili mapajani. Nilimkasirikia. Nilitaka kumpiga na hilo tofali lake. Nilimwonea huruma pia, maana nilijua anaona koti la kijivu likirudishwa ndani.

Sasa, sisi mafundi wa nguo tuna uongo mmoja ambao hatuwaambii wateja. Mwanamke ukimzungushia tepu kiunoni, anavuta tumbo. Wote huvuta, hata mke wa pasta. Ukikata kitambaa kwa kipimo hicho, gauni litapasuka siku ya harusi na lawama ni zako. Kwa hivyo mimi hupima mara mbili. Kipimo cha kwanza ni cha heshima; nakiandika kwenye daftari ili aone. Halafu nasema tumemaliza, namwuliza habari za watoto, na akiwa katikati ya kumsengenya dada wa mume wake napitisha tepu tena kama ninayenyoosha nguo. Hicho ndicho ninachokata nacho.

Nikamnong'oneza Wamalwa maneno machache. Nikachukua ile ya kioo, ambayo sijui hata kuilenga, nikamwambia mama asimame, leo fundi wake ndiye atampiga. Wamalwa akabaki kwenye ngazi na ile nyingine magotini, kama mtu anayepangusa vumbi, ameinua skrini yake ya nyuma kidogo aone. Mama akasimama, akafungia pumzi. Nikabonyeza. Kla. Nikasema tayari, mama, asante, imetoka safi sana.

Akajiachia kitini kama gunia lililofunguliwa kamba. Nikamwuliza, hivi mzee alikuwaje siku ya kupigwa ile picha ya kipande? Na kumbe alikuwepo. Akasema walikwenda pamoja kwa chifu, na mpiga picha alimfukuza mzee mbele ya kamera mara tatu kwa sababu ya kucheka. Mara ya nne akamwambia kama hataki kipande aende akalime. Mzee akanuna, ndipo akapigwa. “Walingoja mpaka akasirike,” akasema mama, na hapo kicheko kikamshika, akaegemea ukuta wa kijani, akajipiga paja, pengo la chini likafunguka lote, na jicho jipya likatoa machozi. Akaniigizia uso wa mpiga picha, akaniigizia uso wa mzee, akacheka tena upya. Magotini mwa Wamalwa hakukusikika kitu.

Alipotulia, Wamalwa akaja akachuchumaa mbele yake na kumpa kamera. Mama akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza, akaiondoa, akaisogeza tena.

“Huyu ni mimi,” akasema. Halafu, “Ulinipiga saa ngapi?”

Nikamkonyeza Wamalwa aseme ni ile ile niliyopiga mimi. Hakuniangalia. Akamwambia ukweli, kwamba ya kelele ilikuwa ya kumdanganya, na hii ameiba wakati yeye anadhani tumemaliza.

Mama hakukasirika. Aliweka kidole kwenye uso wake mwenyewe pale kwenye kamera.

“Na baba yako,” akasema, “siku ile ya koti. Yeye ungemwiba na gani kati ya hizi?”

Nimeishi na huyu mwanamume miaka kumi na minne na swali la kamera halijawahi kumshinda. Akaangalia ile ya kioo mkononi mwangu, akaangalia isiyo na kioo mkononi mwa mama yake.

“Simu, mayi,” akasema. “Nilikuwa na simu kwa mfuko. Ilikuwa inatosha.”

Kisha akalia, hapo nje, majirani wakianika nguo na kujifanya wanaanika. Mama akasogea kwenye kiti mpaka nusu yake ikabaki wazi, akamvuta kwa kola ya shati akamkalisha pale, wakakaa wamebanana hivyo mpaka chai ikapoa na mimi nikaichemsha upya.

Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu, Wamalwa akapanda kwa Samir Ruiru. Akaweka ile ya kioo mezani, akasema anabaki na hii nyingine. Hakuuliza betri. Hakuuliza lenzi. Hakuuliza ilitoka Uingereza au Dubai, wala kama mwaka ujao kutatoka mpya. Akalipa, akachukua logbook, akasema asante, akashuka ngazi. Samir alinipigia nikiwa kibandani nashona kola.

“Shemeji,” akasema kwa sauti ya chini, “kwani mmefiwa?”

Nikamwambia ndiyo, miaka minne iliyopita.