Kaburi la Baba Ukingoni mwa Mto

Asubuhi moja ya masika naikumbuka hadi leo, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mnataka kurudi kuchimba dhahabu kwenye ule mto wetu mdogo, kule chini ya Kikatiti.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Kijenge, mjini. Kaka yangu Anaeli ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Vijana waliokuwa wakichekecha mchanga wa mto walipata chembe chache za dhahabu, na Anaeli naye akaanza kuchimba ukingo upande wa shamba letu. Juu ya ukingo huo kulikuwa na migomba, na katikati ya migomba kaburi la baba.

Mama hakumgombeza. Alimpelekea chai kama kawaida, akamwomba asiifikie ile migomba. Anaeli aliahidi, na naamini aliahidi kwa moyo. Lakini kila alipoona kitu kinang'aa kwenye karai alisogea kidogo, kisha kidogo tena.

Mvua zikaja. Asubuhi hiyo nilipigiwa simu nirudi nyumbani. Nilikuta ukingo umeporomoka, mto umejaa tope, na kaburi halipo. Majirani waliufuata mto hadi jioni, wakarudi na ubao mmoja wa jeneza. Mama aliupokea, akaufuta tope kwa kanga yake.

Anaeli alipiga magoti mbele yake akilia.

"Nimekusamehe, mwanangu," mama akamwambia. "Ila nikifa msinizike hapa."

Tulidhani ni uchungu tu, utapita. Haukupita. Aliishi kwangu Kijenge mpaka mwisho wake, na tulimzika makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua, yeye mama wa Kimeru mwenye shamba lake. Anaeli alirusha udongo, akaondoka bila kula. Habari za dhahabu sijamsikia akizitaja tena.

Sikukatazi kutafuta riziki, mwanangu. Najua kazi zilivyo ngumu. Nakuomba tu, kabla hujashika sururu, muulize anayepajua mahali hapo pana nini. Akikuonyesha mpaka, ishia hapo, hata kama dhahabu unaiona mbele yako. Kusamehewa utasamehewa, kama kaka yangu. Lakini mama bado amelala ugenini.

Mungu akulinde, akupe kazi ambayo hutaona haya kuwasimulia wanao.