Mpangaji wa Juu Lazima Afe

Ujinga wangu ni huu: ujumbe wa sauti niliomrekodia mchapishaji wangu aliye Dar es Salaam niliutuma kwenye kundi la wapangaji wa jengo letu, hapa Sanyuanli, Uchina. Na maneno yenyewe yalikuwa: "Nimekubali, bosi. Yule Mkongo wa juu atakufa Jumapili, kwenye ngazi, akitoka kanisani."

Nilikuwa nazungumzia riwaya. Mchapishaji alikuwa ameniandikia kwamba hadithi imepoa kama chai ya msibani. Mpangaji wa juu asipokufa sura ya pili, hachapi. Mpangaji huyo nilimtunga kichwani, ila kichwa changu, kama mwenyewe, hakitembei mbali. Juu yangu anaishi Mkongo wa kweli, wa Lubumbashi, mnunuzi wa majinzi, anayesali kwa nguvu. Mimi hulinda marobota ya wenzangu chumbani. Sokoni huenda kwa macho, kupitia dirishani.

Nilipogundua, muda wa kuufuta ulikuwa umepita. Nikaandika, "Samahani, ni hadithi tu."

Kesho yake kitasa changu kilikuwa na mafuta. Nikadhani ya chapati, nikajipangusia kwenye suruali. Kumbe ya upako. Dada mmoja wa Mwanza akaja kuchukua robota lake, akakataa kuvuka kizingiti. Nikamsukumia kwa mguu.

"Dada, hata wewe?"

"Mimi sisemi kitu, kaka. Ila Jumapili hapa sipiti."

Jumamosi mvua ilinyesha kutwa. Juu yangu Mkongo na wenzake walikemea mapepo, wakaimba, wakakemea tena, halafu kimya. Hata nyayo sikuzisikia. Nikaanza kuyaogopa maneno yangu mwenyewe. Ngazi zetu zina giza, na maji ya mvua huingia. Akiteleza kweli, je? Nani atawaeleza polisi riwaya ni nini, kwa Kichina changu cha kuokotea dirishani?

Jumapili asubuhi, mimi nisiyetoka hata kutupa taka, nilichukua tambara nikapanda kukausha ngazi, kuanzia mlangoni kwake. Simu niliilaza sakafuni inimulikie. Ndipo mlango ulipofunguliwa. Mkongo alisimama pale na suti yake, Biblia kwapani, akanikuta nimepiga magoti mbele ya viatu vyake.

Simu ikalia. Akainama, akaiokota, akasoma kwa sauti: "Ameshakufa?"

"Ni mchapishaji, papa," nikasema, tambara likinitiririkia magotini. "Ni wewe wa kitabuni. Nikikuacha hai, kitabu hakitoki."

Akaziangalia ngazi mpaka chini gizani. Akaniangalia mimi. Akanirudishia simu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mkia wa panya.

"Kama ni lazima muntu akufe, andika ni weye ndjo umekufa. Hautokaka ata inje, nani atajua?"