Hatamu za Jovina

Neno hatamu wengi wetu hapa Mwazye tulilisikia kwanza utotoni, enzi za chama kushika hatamu. Mwalimu alituambia asili yake ni Kiarabu, likaingia kwetu kupitia pwani, na kwamba ni kamba ya kichwani ya kuongozea mnyama. Tuliandika, tukakariri. Hatamu yenyewe niliiona nikiwa mtu mzima, mkononi mwa Jovina, mke wa jirani yangu Cleophas.

Alizisokota mwenyewe kwa katani, akawavisha ndama wawili, Karani na Tarishi, mara walipoachishwa maziwa. Hakushika fimbo. Alitembea mbele akiwasemesha Kifipa, kamba imelegea. Walipokuwa maksai wa kulimia, Cleophas alikaa nyuma kwenye plau, lakini bila Jovina mbele hawakunyanyua mguu.

"Mama, siku hizi chama ni wewe!" vijana walimtania.

"Chama kina mikutano. Mimi nina mahindi."

Cleophas alifariki mwezi wa nane. Siku ya kumaliza matanga mdogo wake, Benjamini, alisema maksai ni mali ya ukoo.

"Shemeji, niachie msimu huu tu," Jovina alisema. "Nitalima na nini?"

"Kwani jembe la mkono limekufa lini, shemeji?"

Baadhi ya wazee walicheka. Hakuna aliyemtetea, nami nilikuwepo.

Kesho yake Benjamini alikuja na vijana kuwachukua. Maksai walikita miguu mlangoni mwa zizi. Walivutwa, wakachapwa, mpaka Tarishi akatoka damu puani. Jovina, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, alikuja akawanyang'anya kamba.

"Acheni! Mtamvunja pua."

Akawaongoza mwenyewe, wakavuka kijito hadi kwa Benjamini, wakimfuata kama siku zote.

"Umeona?" Benjamini aliniambia. "Hata mwenyewe ameridhika."

Mvua zilipoanza, alirudi kwa Jovina.

"Shemeji, njoo uwashike. Wanagoma."

"Si una fimbo?"

"Ninayo. Usipokuja nitaitumia."

Jovina alikwenda. Kila asubuhi alitangulia mbele ya plau ya Benjamini mpaka shamba lake lote likaisha. La kwake alilima jioni kwa jembe la mkono, akapanda wakati mahindi ya shemeji yake yamefika magotini. Jua lilipokaza, ya kwake yalikauka kabla ya kubeba.

Msimu huu ameitwa tena. Amekwenda.