Nilikosa timu ya Gitega kwa sababu ya neno "définition"

Wakuu, salamu kutoka Muyinga. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na nitayaeleza yalivyokuwa hata pale yanaponiaibisha.

Nililelewa Tanzania, wazazi wakarudi Burundi kulima Gasorwe, hapa hapa Muyinga. Kifaransa changu ni cha kuombea maji tu. Shikeni hilo.

Kuna timu ya game ya kulenga shabaha kule Magarama, Gitega. Walibakiza nafasi moja. Nahodha wao, Hamisi, mtoto wa fundi cherehani, akakubali kunijaribu kwa mtandao, Jumapili mchana. Hapa Muyinga sina mtu wa kucheza naye, kwa hiyo nafasi ile kwangu ilikuwa kila kitu.

PC yangu ni ya zamani, kadi yake ya picha (graphics card) ni ya GB 2 tu. Picha ilikuwa nzito, inakatakata. Nikampigia Hamisi.

"We Mtanzania, sikiliza. Définition acha vile iko. Lissage ndo unashusha."

"Lissage ndiyo nini?"

"Ile ya kulainisha picha! Hamkusoma huko?" Nikasikia wenzake wanacheka.

Nikaona aibu kuuliza la pili.

Menu yangu ni ya Kiingereza. Nikatafuta "definition", nikaikuta kwenye textures, yaani sura za kuta na vitu: High Definition. Nikaiacha kama alivyosema. Anti-aliasing, yaani kulainisha kingo, nikashusha. Bado nzito. Basi nikashusha resolution, yaani wingi wa nukta za picha, kutoka 1080 hadi 720, kwa akili yangu. Kingo zikawa meno ya msumeno. Nikarudisha ulainishaji juu, picha ikawa ukungu.

Nikaona inatosha.

Jumapili tukaanza.

"Adui iko mbele yako, piga!" Hamisi akapaza sauti.

"Simwoni."

"Humwoni aje? Iko amesimama kwa ukuta!"

Kwangu ukuta na mtu vilikuwa rangi moja. Nikafa mara tisa.

Nafasi akapewa mwingine.

Baadaye nilikwenda Gitega kwa shughuli zangu, nikapita kwa Hamisi. PC yake ni ya Kifaransa. Akafungua settings, nikasoma kwa macho yangu: Définition: 1920 x 1080.

Ndiyo resolution yenyewe, wakuu. Nilishusha kile kile nilichoambiwa nisiguse, nikaacha textures nzito zijaze kadi.

"Unashangaa nini?" akauliza.

"Hakuna."

"Pole, ndugu yangu. Mi niliwaambia wenzangu macho yako ni mabovu, wasikucheke."

Sikumsahihisha. Hata sasa anaamini sioni vizuri.

Nilichojifunza: anza na resolution ya asili ya kioo chako. Ikiwa nzito, shusha textures na vivuli kwanza. Ulainishaji weka ule mwepesi, FXAA inatosha. Ukiuzidisha unafuta adui wa mbali. Resolution iwe ya mwisho kuguswa. Na neno usilolijua, uliza, hata wakicheka.

Nimerekebisha yote. Sasa naona hadi nyufa za ukuta, vizuri kabisa, nikicheza peke yangu dhidi ya kompyuta.

Aliyewahi kupotezwa na neno la lugha ya jirani aseme hapa chini. Na kama kuna mchezaji yeyote Muyinga, tafadhali, ajitokeze.